Hospitali Isiyorudisha: Mtoto, Mchezo wa Video na Tumaini la Ufufuo

Kila mwaka wanafunzi wetu hurudi kutoka katika mafunzo kwa vitendo wakiwa na ripoti ambazo, tukisema kweli, hufanana sana. Ni mara chache ripoti moja ikalisumbua darasa zima. Mojawapo ililetwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye alikuwa amepangiwa kusaidia Shule ya Jumapili katika usharika mmoja wa mjini. Siku moja baada ya kipindi alifuatwa na mtoto wa kiume wa miaka tisa, ambaye mama yake alikuwa amefariki miezi minne kabla ya hapo. Mtoto akamwuliza: “Mwalimu, mbona Carl akifa anatokea hospitali, na mama alikwenda hospitali lakini hajatokea?”

Mwanafunzi wetu alidhani Carl ni jirani. Alimwambia mtoto kwamba labda huyo ndugu hakuwa amekufa bali alizimia tu, na kwamba Mungu ndiye ajuaye. Mtoto akamtazama kwa mshangao, akaondoka. Ilipita wiki nzima kabla ya mwanafunzi kugundua kwamba Carl si mtu wa mtaa ule wala wa mtaa wowote. Ni mhusika mkuu wa mchezo wa video ambao watoto wa pale huucheza katika kibanda cha gemu nyuma ya soko.

Makala hii haikusudii kutoa hukumu ya jumla juu ya michezo ya video. Hukumu za namna hiyo zimekwisha kutolewa mimbarani za kutosha, nasi pia tumezitoa. Tunakusudia kuhakiki michezo miwili: ule wa Carl na mwingine usiofahamika sana kwetu, uliotengenezwa na wazazi Wakristo waliofiwa na mtoto. Tunafanya hivyo kwa sababu ya swali la mtoto yule, ambalo sisi waalimu wa theolojia tulilipokea tukiwa hatuna jibu bora kuliko lile la mwanafunzi wetu.

Mchezo wa kwanza ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwaka 2004 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Ingawa mashine hiyo ni ya zamani na nyingine mpya zimekwisha kuipita, bado huonekana katika vibanda vya gemu vya miji yetu, ambako mtoto hulipa shilingi chache, hupewa pedi, na hucheza mpaka muda wake uishe. Tulikwenda kibandani wenyewe, watu watatu, tukiwa tumevua kola zetu, tukaketi kwenye benchi pamoja na watoto. Hawakushangaa sana. Walitufundisha vitufe kwa uvumilivu ambao hatujauona kwa baadhi ya waalimu wa Kiebrania.

Mchezo huo haukutengenezwa kwa ajili ya watoto. Huko Ulaya na Marekani kuna alama juu ya jalada lake inayouzuia kwa walio chini ya umri wa utu uzima. Mchezaji humwongoza Carl Johnson, kijana wa genge katika mji wa kubuniwa unaofanana na Los Angeles ya mwaka 1992. Huiba magari, hupiga watu, huua askari na wapita njia. Wachungaji wanaolalamikia jambo hili hawakosei. Amri ya Tano haisemi habari za mikono tu. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliieleza kwa namna inayotudai pia kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili, na mtoto anayezoea kuwaona jirani kama vitu vya kugongwa na gari anajizoeza kinyume cha hayo, hata kama jirani hao ni picha tu. Baba na mama wana haki ya kumwambia mtoto kwamba mchezo huu si wako. Jambo hili hatuhitaji kulirefusha.

Lakini tulipokuwa tumeketi pale, si mauaji yaliyotushika. Tuliona kile kinachotokea Carl anapokufa. Picha hufifia. Kisha Carl huonekana amesimama nje ya hospitali, mzima kabisa, amepungukiwa fedha kidogo na amenyang'anywa silaha zake. Hakuna msiba, hakuna aliyelia, hakuna hata anayekumbuka. Mtoto aliyekuwa karibu nasi alikufa mara sita katika muda usiozidi nusu saa, na kila mara hospitali ilimrudisha barabarani. Yeye hakuona ajabu yoyote. Kwa mashine, kufa ni adhabu ndogo ya kufanya kosa, kama mtu anavyotozwa faini.

Hapo swali la mtoto wa Shule ya Jumapili likatufungukia. Halikuwa swali la mtoto aliyechanganya gemu na maisha, kama baadhi yetu tulivyodhani. Alikuwa na habari mbili juu ya hospitali. Moja aliipata kibandani: mtu hufa, hupelekwa hospitali, hutokea tena. Nyingine aliipata nyumbani: mama alipelekwa hospitali. Habari ya pili ilikatikia hapo. Mwanafunzi wetu alipomtembelea baba wa mtoto alielezwa kwamba siku ya mazishi watoto walipelekwa kwa jirani ili wasione, na kwamba mdogo wao aliambiwa mama amesafiri. Sote twajua desturi hii, na twajua inatokana na upendo. Wengi wetu tulilelewa nayo. Lakini pale watu wazima waliponyamaza, gemu ikaendelea kuongea, na mtoto akamalizia hadithi kwa kile alichokuwa nacho. Twaweza kuilaumu gemu kwa mengi. Kwa hili hatuwezi. Gemu haikumwambia mtoto kwamba mama amesafiri.

Kuna jambo moja zaidi katika mchezo ule, na tunalieleza kwa sababu mtoto aliliona kabla yetu. Hadithi ya Carl huanza na msiba. Anarudi nyumbani kutoka mji wa mbali kwa sababu mama yake ameuawa kwa risasi za watu waliopita kwa gari, na mapema kabisa katika mchezo ndugu wanakutana makaburini. Mwana hurudi kutoka hospitalini kila afapo. Mama yake harudi kamwe, wala mchezo hauelezi kwa nini. Mwanafunzi wetu alipozungumza na mtoto kwa mara ya pili, mtoto akasema mwenyewe, polepole, kwamba mama yake Carl naye hakutokea. Sisi tulikuwa tumejiandaa kumfundisha kwamba gemu hudanganya, kumbe yeye alikuwa amekwisha kupata ndani ya gemu hiyohiyo mahali pale ambapo uongo wake umepasuka.

Kwa sababu hiyo twaona ni vema kuutazama mchezo wa pili, uitwao That Dragon, Cancer, uliotolewa Januari 2016. Watengenezaji wake wakuu ni Ryan na Amy Green wa Loveland, jimbo la Colorado, Marekani, pamoja na wenzao wachache. Mtoto wao Joel aligunduliwa kuwa na saratani ya ubongo akiwa na umri wa mwaka mmoja. Madaktari walikadiria kwamba amebakiza miezi tu, naye akaishi miaka zaidi, akafariki Machi 2014 akiwa na miaka mitano. Wazazi walianza kuutengeneza mchezo huu mtoto akiwa bado hai, wakaumaliza akiwa amezikwa. Sauti zinazosikika ndani yake ni zao wenyewe, pamoja na kicheko cha Joel.

Tuliucheza chuoni kwa kompyuta moja, darasa zima likiwa limezunguka. Huchukua muda wa saa mbili hivi. Hauna alama za ushindi. Mchezaji humlisha bata mkate pamoja na Joel, humbembeza, humkimbiza kwa kigari katika korido za hospitali akiokota vitu njiani kwa furaha, halafu mwisho wa mbio huonyeshwa kwamba vile alivyokuwa akiviokota ni dawa ambazo mwili wa mtoto ulitiwa. Wanafunzi waliokuwa wakishangilia mbio walinyamaza mara moja.

Sehemu ambayo darasa halikuweza kuisahau ni ile ya usiku hospitalini. Mtoto ana kiu, kila anachopewa anakitapika, naye analia bila kukoma. Baba yu peke yake chumbani. Mchezaji hubonyeza kila kinachobonyezeka: hutoa kinywaji, humpakata, hutembea huku na huku, na kilio kinazidi. Mmoja wa wanafunzi wetu, hodari wa gemu, alitafuta kitufe cha siri kwa muda mrefu. Hakikuwepo. Mwishowe baba anaomba, na kilio kinatulia. Ryan Green ameeleza hadharani kwamba usiku wa namna hiyo ulimpata kweli, na kwamba humo ndimo lilimozaliwa wazo la mchezo.

Tunaliona jambo hili kuwa la maana kitheolojia kuliko hotuba nyingi. Mchezo wa kawaida ni ulimwengu wa Sheria tupu, tena Sheria iliyo ya haki: ukijitahidi utalipwa, ukikosea utatozwa, ukirudia utafaulu. Ndiyo maana ni mtamu kwa mtoto ambaye darasani huchapwa kwa kosa la mwenzake na nyumbani hunyimwa alichoahidiwa. Kibandani kila jasho lina ujira. Familia ya Green imechukua chombo hicho kilichoundwa kwa ajili ya ujira, ikamweka mchezaji mahali ambapo kazi ya mikono yake haileti chochote. Luther alipoandika hoja zake za Heidelberg mwaka 1518 alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba, na kwa miaka mingi tumeifundisha tofauti hiyo ubaoni. Ni mara ya kwanza tumeona wanafunzi wakiifikia kwa vidole vyao.

Hata hivyo hatutaki kuusifu mchezo huu kupita kiasi. Sala inayotuliza kilio inaweza kueleweka vibaya, hasa na mchezaji aliyezoea vitufe: ati kitufe kimepatikana, nacho ni maombi. Wazazi wenyewe hawakuamini hivyo, maana katika sehemu nyingine baba anaonekana akizama baharini wakati mama yu juu ndani ya mashua, na twasikia jinsi walivyotofautiana, yeye mama akitumaini uponyaji kwa uthabiti na baba akishindwa kuutumaini. Katika nchi yetu tofauti hiyo imepita katikati ya nyumba nyingi. Waliokwenda Samunge mwaka 2011 kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa wa kanisa letu, hawakwenda wote kwa moyo mmoja, na waliorudi wakazika hawakuzika wote kwa moyo mmoja. Mchezo unathubutu kuwaonyesha mume na mke katika hali hiyo bila kumhukumu hata mmoja. Lakini mtoto anayecheza peke yake hatalipata hilo, atapata kitufe. Wala hatungependa mtoto mdogo aucheze bila mtu mzima kando yake.

Udhaifu mkubwa zaidi tunauona mwishoni. Baada ya kupita katika kanisa kuu lenye sala za wazazi na vilio vyao, tunamkuta Joel mahali pa utulivu, na chapati za maji nyingi azipendazo, na mbwa, na mapovu ya sabuni. Darasani wengi walilia, na hatusemi walilia bure. Walakini inatubidi kuuliza: je, hii ni imani ya ufufuo wa mwili tunayoikiri kila Jumapili, au ni kumhamisha mtoto kutoka chumba kibaya hadi chumba kizuri? Tumefikishwa bustanini upesi mno. Mtu mzima aliyefiwa aweza kupata faraja humo, kwa kuwa njia ya kaburini ameipita kwa miguu yake. Mtoto aliyepelekwa kwa jirani siku ya mazishi ataona hadithi ileile ya safari, ila mahali pa kufikia pamekuwa pazuri zaidi. Wenzetu wawili wa kitivo hawakubaliani nasi hapa. Wanasema kwamba wazazi hawakuandika somo la imani na kwamba sisi tunadai ungamo kutoka kwa chozi. Huenda. Lakini wazazi hao waliamua kuwapa watu wengine chozi hilo walishike mikononi, na kitu kinachoshikwa na mtoto kinafundisha, mwenye nacho apende asipende.

Ndani ya mchezo huohuo, hata hivyo, wazazi wamefanya vizuri zaidi mahali pengine. Kaka zake Joel wanasimuliwa habari za ndugu yao kama hadithi ya askari mdogo anayepigana na joka, na hadithi inageuka kuwa mchezo mdogo wa zamani, wa kuruka na kupiga. Sauti za watoto zinauliza maswali huku askari akiendelea kupigana. Wazazi wanajibu, wanasita, wanajibu tena. Joka halishindiki kwa kuruka wala kwa kupiga. Hapo watu wazima wameketi ndani ya mchezo pamoja na watoto, na maneno yanapita kati yao. Tungewashauri wachungaji wanaotaka kujifunza namna ya kusema na mtoto habari za mauti waitazame sehemu hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Tukirudi kwa swali la Carl, tofauti inayohitaji kufundishwa ni hii: kuanza tena si kufufuka. Gemu hufuta. Inaporudi nyuma, kilichotendwa hakikutendwa, na aliyekufa hakuwa amekufa. Bwana aliyefufuka aliwaonyesha wanafunzi wake mikono na ubavu, na Tomaso aliambiwa aweke kidole penye jeraha (Yohana 20). Kama Pasaka ingekuwa kuanza tena, makovu hayo yasingekuwapo. Ndivyo ilivyo na msamaha pia, na watoto wetu wa Kipaimara wangefaidika kusikia kwamba ondoleo la dhambi halimrudishi mtu mahali pa kabla ya kosa kana kwamba halikutokea. Mungu humjua mtenda kosa pamoja na kosa lake, naye humchukua. Mtoto anayeelewa vizuri sana jinsi ya kuanza tena ni rahisi kumwonyesha tofauti hii, pengine rahisi kuliko mtu mzima asiyewahi kushika pedi.

Daudi naye asisahauliwe. Mtoto wake alipougua alifunga na kulala chini. Alipofariki aliinuka, akaoga, akala, akawaeleza watumishi wake waliostaajabu kwamba yeye ndiye atakayemwendea mtoto, mtoto hatamrudia (2 Samweli 12). Ni neno gumu. Mwanafunzi mmoja alipinga kwamba halifai kwa mtoto wa miaka tisa. Tulimjibu kwamba mtoto wa miaka tisa alikuwa amekwisha kulifikia bila msaada wetu, kwa njia ya mama yake Carl, na alichokosa ni mtu wa kukaa naye hapo. Luther mwenyewe, binti yake Magdalena alipofariki mikononi mwake mwaka 1542 akiwa na miaka kumi na mitatu, alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru kwa mwisho wake mwema, nao hawakuweza kufanya hivyo bila kulia. Alikuwa amefundisha ufufuo kwa miaka thelathini.

Twajua yatakayosemwa: mchungaji mwenye mitaa mitano na pikipiki moja atapata wapi muda wa kuketi kibandani? Hatuna jibu zuri. Twasema tu kwamba mwanafunzi wetu hakuhitaji kujua gemu. Alihitaji kumwuliza mtoto: Carl ni nani? Aliuliza swali hilo wiki moja baadaye, akasikiliza hadithi nzima, toka msiba wa mwanzo hadi mahali mtoto alipokwama, bila kumkatiza kwa onyo lolote. Onyo juu ya gemu lilikuja mwezi uliofuata, kutoka kwa baba, na lilipokelewa.

Ripoti yake tuliipa alama za wastani, kwa kuwa ilikosa rejea za vitabu. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameeleza kwamba mtoto aliomba kwenda kuona mahali mama alipo. Walikwenda watatu, baba, mtoto na mwanafunzi, Jumamosi asubuhi. Kaburi lilikuwa limeota majani. Mtoto aliuliza kama mama anasikia jembe. Baba hakuweza kujibu, na mwanafunzi, ameandika hivyo, hakujibu pia. Walipalilia mpaka jua lilipokuwa kali, kisha mtoto akapanga mawe kuzunguka, akayahesabu, akasema yamepungua mawili, na watarudi kuyaleta.